Neno la Kuachiwa

Kasulu, Jumapili 3 Machi 1974

Mushiki wanje, dada yangu Kezia,

Amahoro. Barua hii anakuletea Dadi, dereva wa lori la mzee Hilali. Mpe uji wa moto, maana mvua ya mwezi huu haina adabu na lori lenyewe halina kioo upande mmoja.

Mimi ni mzima. Dukani kazi inaenda. Mzee Hilali anafoka tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga, lakini hajawahi kunilaza njaa, na watu wakiuliza mimi ni nani anajibu kwamba ni mtu wa nyumbani kwake, basi yanaishia hapo.

Sasa kuna jambo sikukuambia kwa sababu nilijua utashika kichwa. Nimeingia kwenye mchezo. Kuna Mjapani hapa, Bwana Okabe, amekuja kufunga pampu za maji. Jioni anatufundisha judo, mieleka ya kwao. Mzee ametuazima ghala lake moja la maharage, ambalo wakati huu halina kitu. Tumemwaga maranda ya mbao, tukatandaza turubai juu, na makoti tumeshona kwa marekani. Tuko wachache: Isihaka, mtoto wa mwisho wa mzee, Gharibu wa mashine ya kusaga, vijana wengine wa mtaani, na mimi, Mrundi peke yangu.

Kazi si kuangushana, kazi ni maneno. Bwana Okabe hataki tuite kitu chochote kwa Kiswahili. Anasema maneno haya ni yale yale dunia nzima. Yeye mwenyewe ni sensei, yaani mwalimu. Ghala si ghala tena, ni dojo. Akisema rei tunainamiana. Akisema hajime tunaanza. Neno la kusimama ni mate, na siku ya kwanza Gharibu alitema chini kwa utii wake wote, akafagishwa turubai zima. Kuanguka bila kuumia ni ukemi: unapiga turubai kwa mkono wakati unafika chini, na mgongo unapona. Mwisho wa mwezi wa nne atatupima, yeye anaita na sisi tunatenda, kisha yeye anatenda na sisi tunataja. Atakayeshinda anapewa mkanda wa njano.

Yote nimeshayashika, ila liko moja linanitoa jasho. Maitta. Ni neno la mtu aliyekabwa. Ukilisema, au ukipiga turubai kwa kiganja mara mbili, aliyekukaba lazima akuachie papo hapo. Wenzangu wanalisema huku wanacheka. Mimi nalijua nikipima sukari, nalijua nikioga, lakini mkono wa mtu ukinifika hapa chini ya kidevu, ulimi unakauka na kiganja kinalala. Wewe unajua kwa nini.

Mbusu Winifrida. Mwambie mjomba atakuja na mkanda.

Ndugu yako,
Venanti


Kibondo, Jumatatu 11 Machi 1974

Venanti, mtoto wa mama,

Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa chini.

Hebu jisikilize. Vijana wamejifungia ghalani. Mtu wa nje anawapa amri kwa lugha isiyojulikana. Anasema hajime, halafu vinasikika vishindo. Anayepita barabarani atasema nini? Atasema hao ni wachezaji? Atasema wakimbizi wanafanya jeshi. Hapa sokoni Kibondo maneno hayo yanasemwa kila siku, kwamba wapo vijana wetu wanaojizoeza porini ili warudi kupigana, na kwamba watakaokamatwa watarudishwa ng'ambo ya mto. Kurudishwa ng'ambo ni nini, sina haja ya kukufundisha.

Wewe unasema mzee Hilali akikuita mtu wa nyumbani yanaishia hapo. Hayaishii hapo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wenyeji wakicheza ni mchezo, sisi tukicheza ni kesi.

Umesahau Reverien, baba yake Winifrida, alivyoondoka? Ofisi ya komini kule kwetu ilimwita kwa dakika chache tu, kuna karatasi ya kusaini. Mimi ndiye niliyempa viatu vyake. Alienda kwa sababu hakuwa na kosa, na mtu asiye na kosa akiitwa na serikali huenda. Mpaka leo yuko safarini. Usianze tena kuniambia yale uliyoniambia Krismasi. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba amekufa, na mimi sitajiambia mwenyewe.

Na hilo neno lako. Unaniambia mtu amekukaba shingo, wewe unasema neno, naye anaachia. Nani amekudanganya hivyo? Mwaka wa ikiza, walipotuua kule kwetu, tuliwaona watu waliosema kila neno walilolijua. Walisema kwa Kirundi, walisema kwa Kifaransa, wengine kwa Kilatini cha kanisani. Nani aliachia?

Acha mchezo huo. Uza sukari, nyamaza, kua. Barua hii ichome ukishasoma.

Dada yako,
Kezia


Kasulu, Jumatano 20 Machi 1974

Dada Kezia,

Nimeisoma na nimeichoma. Lakini nisikilize na mimi kidogo, hata kama ni mdogo.

Mimi nikifungua mdomo tu dukani, mteja ananiuliza nimetoka Burundi mwaka gani. Kiswahili changu kinanisema. Kiha nacho kinanisema, wanasikia mahali ninapovuta. Lakini nikisema osotogari, ambalo ni kumfagia mtu mguu kutoka nyuma, Gharibu ambaye babu yake ni Mmanyema, na Isihaka ambaye bibi yake alitoka pwani, na mimi, wote tunalikosea sawasawa, na Bwana Okabe anatukaripia sawasawa. Hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Mle ndani hakuna mwenyeji ila yeye, na kwao ni mbali kuliko kwetu. Ndiyo maana nalipenda ghala lile.

Nilitaka nikuambie na

Jumapili 24 Machi. Niliishia hapo Jumatano, mteja aliniita. Naendelea leo.

Alhamisi tulifanya mazoezi ya kukabana. Gharibu alikuwa nyuma yangu, mkono wake shingoni. Nilitakiwa niseme maitta. Halikuja. Nikataka nipige kiganja, kikakataa. Dada, sikuwa Kasulu tena, nilikuwa pale nyuma ya nyumba ya baba, siku ile waliponikaba. Gharibu akadhani najikaza kiume, akakaza. Nikazimika.

Wakafungua mlango nipate hewa, wakanibeba nje nimelegea kama kitenge kilicholowa. Pelagia, yule mama anayeuza maandazi mkabala na ghala, akaniona. Akatupa beseni lake akakimbia mtaa mzima akisema Mjapani ameua Mrundi. Nilipofumbua macho, watu walikuwa wamejaa, na Bwana Okabe alikuwa anawainamia wote, mmoja mmoja, na kila alivyoinama ndivyo walivyozidi kuamini kwamba ameua.

Balozi wa nyumba kumi akapeleka habari. Jana tumepata jibu: Katibu wa Tarafa anatutaka sote, pamoja na mwalimu wetu, Jumatano asubuhi. Tuje na yale makoti yetu meupe.

Wenzangu wanalifanyia mzaha. Isihaka anasema pengine tutanyweshwa soda. Mimi sicheki nao. Sina kosa, dada. Ila hata Reverien hakuwa na kosa. Niende?

Dadi anaondoka leo hii. Nijibu kwa mkono wake.

Venanti


Kibondo, Jumatatu 25 Machi 1974

Venanti,

Usiende.

Wakisema ni dakika chache, usiende. Wakisema mje na nguo zenu, ndiyo kabisa usiende, nguo ni za kuwatambua. Wenzako ni wenyeji, wana baba zao. Wewe una mimi.

Dadi akishashusha mzigo kesho anageuza Kibondo. Panda juu ya magunia. Usimuage mzee, usimuage Isihaka. Shuka kwenye njia ya Kitahana kabla ya kuingia mjini, uende kwa mama Esteri, yule wa kanisani kwetu. Nimeshamwambia. Ana migomba mingi nyuma ya nyumba.

Safari hii simpi mtu viatu.

Kezia


Kasulu, Jumatatu 1 Aprili 1974

Kwa Mama Winifrida, Kibondo,

Salamu zikufikie wewe na mwanao, na Mungu awape afya. Sisi tu wazima, ila moyo wangu umechafuka, na sitaficha.

Ndugu yako ameondoka nyumbani kwangu bila kuaga. Kijana niliyemlisha, niliyemkabidhi ufunguo wa duka, niliyesimama mbele ya balozi nikasema huyu ni wangu, mwulizeni Hilali. Asubuhi ya Jumatano nilikuta mkeka wake umekunjwa. Mimi si mtu wa kuondokewa hivyo, Mama Winifrida. Hata mgeni wa usiku mmoja huaga.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Vijana walikwenda Jumatano. Waliulizwa mnafanya nini mle ghalani. Mjapani akasema waonyesheni. Wakaanguka anguka kwenye majani mbele ya ofisi, huku wanaita hayo majina yao ya ajabu, mpaka makarani wakatoka nje kutazama wakashika mbavu. Pelagia aliambiwa apunguze mdomo. Kabla ya adhuhuri wote walikuwa kwangu wanapakia maharage.

Wote, isipokuwa mmoja. Katibu akauliza: huyo aliyezirai, ambaye ndiye sababu ya kesi, yuko wapi? Hakuna aliyejua. Hapo kicheko kikaisha. Aliyetendewa ndiye aliyetoroka, na aliyetoroka ni mkimbizi, basi kuna jambo. Sasa askari wanakuja dukani kila asubuhi. Mjapani ameambiwa asimame kufundisha. Wameanza kuuliza kama ghala langu lilikuwa la mchezo au la jambo jingine, na ndevu zangu hizi nyeupe zinajibu maswali ya watoto.

Ikiwa yuko kwako, mlete. Ikiwa mwenye nyumba wako, Mwalimu Reverien, ambaye Venanti huniambia yuko safarini, amesharudi, basi yeye ndiye mwanamume amshike mkono amlete, mambo yaishe.

Wako,
Hilali bin Juma


Kibondo, Jumamosi 6 Aprili 1974

Mzee Hilali,

Shikamoo. Nimepata barua yako na nimehuzunika sana kwa usumbufu uliokupata.

Venanti hajafika kwangu. Na mimi sijui aliko. Pengine ameelekea Kigoma kutafuta kazi ya relini, vijana wa siku hizi ni kama upepo. Nikimwona nitamwambia.

Mume wangu bado yuko safarini.

Kwa heshima nakuomba usimtume mtu hapa, nyumba ni ndogo na mtoto anaumwa.

Kezia


Kitahana, Jumatatu 8 Aprili 1974

Dada,

Mama Esteri anakuja sokoni na viazi, nampa hii.

Nakula vizuri, na mwenyewe analala sebuleni ili mimi nipate chumba. Lakini mchana nashinda kwenye migomba, na baiskeli ikipita barabarani nalala chini mpaka siisikii tena. Jana alikuja mtu kuomba moto wa jiko tu, nikakaa kwenye tope mpaka miguu ikafa ganzi.

Naogopa, dada. Kule kwetu nilipokimbia nilikuwa na watu wengi, tulikimbia wote. Hapa nakimbia peke yangu, na sijui nani ananifukuza.

Maneno yameanza kunipotea. Nayataja polepole nikiwa peke yangu, rei, hajime, ukemi, halafu linalofuata silioni. Nikifumba macho naona wenzangu wamepangwa mbele ya ofisi na makoti meupe. Niambie habari zao. Isihaka alirudi? Gharibu? Niliondoka nikawaacha waende, sikuwaambia hata neno moja. Kama walirudi, nitumie neno moja tu: walirudi.

Venanti


Kibondo, siku hiyo hiyo

Venanti,

Sijasikia lolote. Kaa hapo hapo, usitoke barabarani, usiandike tena.

Kezia


Kasulu, Jumatatu 15 Aprili 1974

Kwa Mama Winifrida,

Salamu. Safari hii nitaandika bila kufoka.

Dadi ameona aibu ameniambia. Ni yeye aliyembeba, na amemshusha njia ya Kitahana. Sijamwambia mtu mwingine, na Dadi amekula yamini kwamba hatamwambia mtu. Amenieleza pia anayoyasikia hapo sokoni kwenu, kuhusu safari ya Mwalimu Reverien. Nisamehe, mama. Nilikuandikia nikimtaja kama mtu aliyekwenda Tabora kununua bati. Mzee mzima, na sikujua.

Nimeelewa sasa kwa nini ndugu yako alikimbia na kwa nini ulinidanganya. Ningekuwa wewe ningedanganya vizuri zaidi.

Lakini mambo yamefika hapa: Katibu ameniita. Ananiheshimu, na amesema wazi. Akimwona Venanti kwa macho yake kabla ya kuisha Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na mbili, neno hili litaamuliwa hapa hapa Kasulu. Siku hiyo ikipita, jina lake linapelekwa mkoani kama mkimbizi aliyetoroka akiwa anachunguzwa, na huko sina ninayemjua, wala hawatauliza kama alikuwa anajifunza kuanguka. Wanaweza kumrudisha.

Nitaingia naye ofisini mimi mwenyewe. Najua ahadi yangu kwako haina uzito. Hata wale wa kwenu bila shaka waliahidi. Ndiyo maana mletaji wa barua hii si Dadi peke yake. Ni Isihaka, mwanangu. Nimezaa wengi, wawili wako hai, na huyu ndiye wa mwisho. Mama yake, Siti, hasemi nami tangu jana. Isihaka atakaa kwako. Atakula unachokula. Hatarudi Kasulu mpaka Venanti atoke ofisini na akuandikie kwa mkono wake kwamba ametoka.

Asipotoka, usinirudishie mwanangu.

Hilali


Kibondo, Alhamisi 18 Aprili 1974

Venanti, musaza wanje, mdogo wangu,

Kaa chini usome pole pole.

Wenzako walirudi. Walirudi siku ile ile, kabla ya adhuhuri, wakapakia maharage. Mzee aliniandikia mwanzoni mwa mwezi, na ulipouliza nilijua, nikakunyima. Niliogopa ukijua utatoka. Ulikaa kwenye tope ukiwalilia watu walio hai, kwa sababu yangu.

Sasa jingine. Isihaka yuko hapa. Mzee Hilali amemleta mtoto wake kuwa rehani kwa ajili yako. Nilipomwona mlangoni na kifurushi chake nilidhani ni mtego, nikamweka jikoni nikafunga mlango wa nje kwa komeo. Hakulalamika. Anakula kuliko ulivyokuwa unakula wewe, amenipasulia kuni zote, na Winifrida amempanda mgongoni wala hateremki.

Siku ya kwanza sikuongea naye. Jana nimemwambia anionyeshe hicho kitu kilichokuzimisha. Alikataa, akaona haya kumshika mama wa watu. Nikamwambia sitaki anikabe, mimi ndiye nitakayemkaba yeye. Akapiga magoti juu ya mkeka, akanipangia mkono shingoni mwake, hivi na hivi, akaniambia nikaze.

Nikakaza. Venanti, nilikaza kweli. Sikuwa nacheza. Shingo ya kijana wa watu ikawa mkononi mwangu, nikahisi mshipa unapiga, na moyo wangu ulikuwa na hasira ya miaka miwili. Halafu akapiga mkeka kwa kiganja, mara mbili, hivi, wala si kwa nguvu. Na mkono wangu ukaachia. Sikuuambia. Uliachia wenyewe.

Nilikaa nikautazama huo mkono. Isihaka akakohoa kidogo akasema, "Ndiyo hivyo tu, mama. Kila siku tunafanya hivyo."

Bado naogopa. Usidhani kwamba nimekuwa jasiri. Lakini nimefikiri. Wale waliomwita Reverien hawakuniachia mtu yeyote mlangoni. Hawakuacha hata jina lao. Huyu mzee amekata kipande cha nyama yake akakileta.

Dadi atapita Kitahana Jumamosi. Panda, kaa mbele naye, si juu ya magunia. Vaa lile koti lako. Ukifika, msalimu mzee kabla ya jambo lolote, na umwombe radhi kwa kutoaga. Ukiulizwa kwa nini ulikimbia, sema ukweli wote, na useme ni dada yako aliyekutuma.

Mimi nitakuwa hapa na Isihaka, tunasubiri.

Kezia


Kasulu, Jumatatu 22 Aprili 1974, jioni

Dada Kezia,

Nimetoka.

Hili ni neno langu kwa mkono wangu, mfungulie Isihaka mlango.

Tuliingia asubuhi, mzee na mimi. Alinishika mkono kama mtoto tangu dukani mpaka kwenye ngazi za ofisi, na watu wote wa Kasulu wakaona. Ndani walikuwepo Katibu, karani, balozi wetu, Bwana Okabe na kofia yake mkononi, Gharibu, na Pelagia.

Katibu akauliza nilikimbia nini. Nikajaribu kueleza kwa mpangilio nikashindwa, nikamwambia tu kuhusu Reverien. Kwamba aliitwa kwa dakika chache. Kwamba ulimpa viatu. Nilisema mpaka mwisho, na hakunikatiza. Nilipomaliza, alimwambia karani aniletee kiti.

Kisha akataka kujua hayo maneno ni amri za nini. Nikayataja, yale niliyodhani yamenipotea, na kila moja nikalieleza kwa Kiswahili, na Bwana Okabe anaitikia kwa kichwa. Nilipofika kwenye maitta, Katibu akasema, "Hilo ndilo lililoleta kesi. Nionyesheni lilivyokuwa." Pelagia naye akaambiwa asimame pale aone.

Nikapiga magoti sakafuni, Gharibu akaja nyuma yangu. Akapitisha mkono chini ya kidevu changu. Akakaza. Dada, nikarudi tena kule, nyuma ya nyumba ya baba, vile vile. Neno halikuja. Nilitafuta mdomoni mwote sikulipata. Nikasikia mzee Hilali anataja Mungu. Kiganja ndicho kilichokwenda, kikapiga ile sakafu ya saruji mara mbili. Gharibu akaachia.

Hewa ikaingia. Pelagia akasema basi ameelewa, lakini maandazi yake yaliyomwagika atalipwa na nani.

Katibu ameandika kwamba nakaa kwa mzee Hilali kwa ruhusa, na kila mwanzo wa mwezi nijionyeshe kwa balozi. Judo iendelee, ila mlango wa ghala uwe wazi na anayetaka kutazama atazame. Jina langu haliendi mkoani. Hakuna wa kunirudisha ng'ambo.

Nikatoka kwa mlango ule ule nilioingilia. Nje jua lilikuwa kali, nilikuwa na njaa ya ajabu. Siti amenipikia wali, ananilisha huku ananitukana, anataka mwanawe kesho.

Nimetoka, dada. Nakuandikia tena ili usome mara mbili.

Venanti


Kibondo, Jumatano 24 Aprili 1974

Venanti,

Nimesoma mara mbili, kisha nikampa Isihaka anisomee kwa sauti. Ameondoka asubuhi hii na Dadi. Nimemfungia mihogo na asali ya Mama Esteri ampelekee mama yake, na nimemwomba radhi kwa lile komeo. Mpe mzee Hilali shikamoo yangu, na umwambie mwanawe amekuja mtoto amerudi mtu mzima.

Nimefurahi mpaka nikakaa jikoni nikalia, na Winifrida akalia kwa kuniona. Halafu furaha ilipotulia, likaja jambo jingine, na tangu jana haliondoki.

Nilikuwa sijawahi kumwona mtu aliyeitwa ofisini akatoka. Nilijua kuingia tu. Kwa hiyo nilikuwa naweza kusema chochote kuhusu wanaokawia. Labda wamepelekwa mbali, labda wamefungwa mahali barua hazifiki, labda karatasi ya kusaini ni ndefu. Sasa nimejua anayetoka anakuwaje. Anatoka mlangoni, jua linamchoma, anasikia njaa, na kabla ya kulala anaomba kalamu amwandikie aliyempa viatu. Wewe hukungoja hata siku iishe.

Reverien alikuwa mwalimu. Aliniandikia barua hata alipokuwa parokia ya pili na angelala nyumbani kesho yake. Kama angetoka, hata usiku wa manane, hata bila mkono mmoja, angeandika. Imepita miaka miwili.

Mwaka ule walitukataza kuwalilia waliochukuliwa. Ukisikika unalia ulikuwa unasema kwamba wewe ni mwenzao. Nikanyamaza, nikavuka mto nimenyamaza, nikafika hapa ambapo hakuna aliyenikataza, nikaendelea kunyamaza na kusema yuko safarini. Leo asubuhi nimemwambia Winifrida. Hakuelewa sana. Nimewaambia pia akina mama wa kanisani, na Mama Esteri ameshaleta kuni.

Mwombe mzee ruhusa, na safari hii umuage. Uje Jumamosi tukae ikiriyo, tuweke matanga kama watu. Usiniletee mkanda wala zawadi. Ukifika mlangoni, kabla hujakaa, nipe pole ya kufiwa.

Dada yako,
Kezia, mjane wa Reverien